SOMO: Kuponi za CVS na Walgreens hatua kwa hatua, na jinsi ya kupata duka lenye watu wazuri (soma yote kabla hujauliza)

Wadau mlioko Marekani habari zenu. Kila wiki naulizwa lile lile, dada hizo dawa za mswaki na sabuni unazipataje kwa bei hiyo, nikimjibu mmoja leo kesho anakuja mwingine na swali hilohilo. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia linki. Hapa naongelea CVS na Walgreens tu, yale maduka ya dawa yanayouza pia sabuni, shampuu na vitu vya nyumbani. Rite Aid msiniulize, walifunga maduka yote 2025.

Kitu kimoja mkishike mapema: kuponi (kikaratasi au ofa ya kwenye apu inayokupunguzia bei) ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni duka unaloenda. Unaweza kupanga dili lako vizuri kabisa ukaenda kwenye duka la watu wenye gubu ukatoka mikono mitupu na roho imechafuka.

HATUA YA 1. Jiunge uanachama. CVS ni ExtraCare, Walgreens ni myWalgreens, zote bure, namba ya simu inatosha.

HATUA YA 2. Pakua apu zote mbili.

HATUA YA 3. Jua kuponi uliyoshika ni ya nani. Kuna ya kiwanda na kuna ya duka. Ya kiwanda, duka linakupunguzia wewe bei halafu mwenye kiwanda analilipa duka baadaye. Ya duka inatoka mfukoni mwa duka lenyewe. Ndiyo maana kwenye bidhaa moja unaruhusiwa kuweka moja ya kiwanda NA moja ya duka. Mbili za kiwanda kwenye bidhaa moja hapana, hata kama moja ni karatasi na nyingine iko kwenye apu, na hapo kwenye apu muwe makini maana ukishaiwasha (ukibonyeza kuichagua) inajikata yenyewe hata kama ulitaka kutumia ya karatasi yenye hela nyingi zaidi. Ukiwa CVS pitia kwanza ile mashine nyekundu, skani kadi yako, ikutolee kuponi za siku hiyo kabla hujaanza kuzunguka.

HATUA YA 4. Ofa zinaanza Jumapili zinaisha Jumamosi. Soma tangazo la wiki ukiwa nyumbani, sio ukiwa umesimama katikati ya duka.

HATUA YA 5. Hela ya kurudishiwa. Hapa tulieni, ndipo watu wanapopoteza.

CVS wanakupa ExtraBucks, yaani hela ya kununulia humohumo CVS, zinatoka chini kabisa ya ile risiti yao ndefu au zinaingia kwenye kadi. Mfano, bei za mfano tu: dawa ya mswaki dola 4.99, ofa inasema nunua mbili upate ExtraBucks 4. Mbili ni 9.98. Una kuponi ya kiwanda ya dola 2 ukinunua mbili, inabaki 7.98. Kama una ExtraBucks 4 za wiki iliyopita unalipa 3.98 na kodi, na unatoka na ExtraBucks 4 nyingine mkononi. Hizo unazifanyia dili la wiki ijayo, na hivyo hivyo zinazunguka. Mchezo wote uko kwenye kuzizungusha, maana ukizikalia zinaisha muda na hakuna wa kumlilia. Zina tarehe, isome. Hazilipii dawa za daktari, sigara wala pombe. Na chenji haurudishiwi, kwa hiyo usipeleke ya dola 10 kwenye mzigo wa dola 6.

Walgreens ni habari nyingine. Wana Walgreens Cash inayokaa kwenye akaunti, hiyo haina shida. Kasheshe iko kwenye Register Rewards, kale kakaratasi ka zawadi ka kununulia mara nyingine kanakotoka kwenye kimashine cha pembeni ya kaunta. Kale kanahesabika kama kuponi ya kiwanda! Na sheria yao ni kwamba idadi ya kuponi za kiwanda isizidi idadi ya bidhaa. Kwa hiyo ukiwa na shampuu mbili na kuponi mbili za shampuu, ukitoa na Register Rewards hiyo ni kuponi ya tatu kwa bidhaa mbili, mashine inapiga kelele, keshia anakutolea macho, nyuma kuna foleni. Dawa yake ongeza kitu kidogo cha bei ndogo, pipi au penseli, hesabu zikae sawa. ONYO LA PILI: ukilipia ofa kwa Register Rewards iliyotoka kwenye ofa hiyohiyo ya kiwanda hichohicho, mpya huwa haitoki. Zungusha kwa kiwanda kingine, ya shampuu inunulie dawa ya mswaki, ya dawa ya mswaki inunulie shampuu. ONYO LA TATU: usiondoke kaunta hujaona karatasi imetoka. Ukishatoka mlangoni kudai ni kazi.

HATUA YA 6. Tafuta duka lako. Msinirukie hatua hii, ndiyo iliyonifanya niandike. Matawi ya kampuni moja hayafanani hata yakiwa mtaa mmoja, kwa sababu meneja ana nafasi ya kuamua mambo mengi, na keshia anaiga meneja. Zungukia matawi yaliyo karibu na wewe, kila moja nenda na kitu kimoja na kuponi moja, usiende na mzigo. Halafu angalia. Kuponi ikigoma, keshia anaisoma au anaitupa pembeni? Siku hizi diodoranti na sabuni za kufulia zinafungiwa kwenye makabati ya plastiki, bonyeza kengele uone mtu anakuja na funguo anakusalimia au unasimama mpaka miguu inauma. Akikupa risiti anakuonyesha zawadi yako iko wapi au anaikunja na kuisokomeza kwenye mfuko?

Kuna tawi moja nilikuwa naenda, keshia alikuwa akiniona na bahasha yangu anaita meneja kabla sijafungua mdomo, na meneja anazishika kuponi kwa ncha za vidole anazigeuza kwenye taa kama noti za bandia. Zote zilikuwa halali. Sikubishana, nilihama. Ninapokwenda sasa ni mbali zaidi kidogo, ila kuna mama wa kaunta akiona kuponi imegoma anavaa miwani, anasoma maandishi madogo yote, anasema hii inataka saizi kubwa, kabadilishe nakushikilia foleni. Mtu wa namna hiyo ni mali. Jina lake liko kifuani, lishike, msalimie kwa jina, na ule utafiti wa maoni ulioandikwa kwenye risiti mjazie umtaje, maana wakubwa zake wanausoma.

Na wewe kuwa mteja mzuri. Usiende saa watu wanatoka kazini. Usikombe rafu nzima, acha na mwenzio apate. Ukiona foleni imekua nyuma yako pisha mwenye kitu kimoja.

HATUA YA 7. Kaunta. Namba ya simu kwanza, halafu kuponi ya kukata jumla (zile za ukinunua kiasi fulani unapunguziwa), halafu za kiwanda, ExtraBucks mwisho. Soma risiti kabla hujaondoka.

Haya ulizeni.

---

kaka_wa_Dallas: Naomba kwa ufupi, vitu ni bure au sio bure?

Mwandishi: Hatua ya 5.

ShangaziFaraja: Asante mwanangu umeeleza vizuri. Mimi nilipata kitu bure kabisa lakini bado wakanichaji senti kadhaa, nikajua wameniibia. Ni nini ile?

Mwandishi: Shikamoo shangazi. Hawajakuibia, hiyo ni kodi ya mauzo. Majimbo mengi kuponi ya kiwanda haipunguzi kodi, kwa sababu duka bado litalipwa bei yote, sehemu na wewe sehemu na kiwanda, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye bei kamili. Kuponi ya duka inashusha bei yenyewe, kodi inashuka nayo. Ndiyo maana vitu viwili vyote ni bure lakini kimoja kina senti na kingine hakina. Umeangalia risiti vizuri sana, wengi hawaoni hilo.

mzee_wa_dili: Dada nitumie picha za kuponi WhatsApp niprinti hata kumi hivi

Mwandishi: Hapana. Kutoa kopi kuponi ni wizi, duka linaipeleka kiwandani halilipwi. Na kwa sisi wageni wenye makaratasi yanayosubiri majibu, kesi ya namna hiyo usiitafute.

mzee_wa_dili: Kuponi tu jamani, si pesa

Mwandishi: Kuna mama wa Virginia Beach alihukumiwa miaka 12 mwaka 2021, kwa kuponi za kutengeneza, hasara ilipita dola milioni 31. Kuponi tu. Hiyo mada nimeifunga.

NeemaMinneapolis: Mimi kuponi yangu imeandikwa moja kwa kila manunuzi, keshia akasema natumia moja tu siku hiyo, nilikuwa na nne na bidhaa nne. Yuko sahihi?

Mwandishi: Hayuko sahihi ila usimlaumu, hilo linachanganya hata wao. Maana yake ni moja kwa kila bidhaa, kwa hiyo bidhaa nne kuponi nne, angalia tu kama chini imeandikwa kikomo, nyingi zinaishia nne zinazofanana kwa safari moja. Ikiandikwa moja kwa kila muamala hapo ndio moja kwa risiti nzima. Sera ya kuponi iko kwenye tovuti zao, iweke kwenye simu, muonyeshe kwa upole. Akikataa bado, sema asante rudi saa ya meneja mwingine.

BossLady254: Yaani masaa yote hayo kusave dola nne? Si upige shift moja tu warehouse

Mwandishi: Shifti napiga. Hii naifanya Jumamosi usiku nikiwa nimekaa, watoto wamelala. Hela ya sabuni na pampasi niliyoacha kulipa inalipa umeme wangu. Kama kwako haina maana pita tu, sijamlazimisha mtu.

mtoto_wa_Uvira: Dada sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu, mama yangu anaongea Kiswahili na Kibembe tu. Nikiwa kazini anaogopa kwenda dukani peke yake. Atafanyaje?

Mwandishi: Mdogo wangu hili swali limenigusa. Kwanza muwashie kuponi za kwenye apu wewe mwenyewe, zitajikata akiweka namba ya simu, hahitaji kumwongelesha mtu. Pili mpeleke mara chache kwenye tawi moja, saa za asubuhi watu wakiwa wachache, umtambulishe kwa keshia mmoja, wakishamzoea hata kwa ishara wanaelewana. Tatu na hili ni kubwa: upande wa dawa za hospitali wana wakalimani wa simu, bure. Aseme tu "Swahili" wanaunganisha. Asikubali kubeba dawa hajaelezwa anavyotakiwa kuinywa. Salamu kwa mama.

mtoto_wa_Uvira: Hilo la mkalimani sikulijua kabisa. Mungu akubariki

Dk_wa_Louisville: Naongezea upande huohuo wa dawa: kama huna bima, au bima yako inalipa kidogo, angalia bei kwenye GoodRx kabla, ile apu ya kuponi za dawa za daktari. Haichanganywi na bima, unachagua moja, na bei ya dawa ileile inatofautiana sana kati ya duka na duka.

Mwandishi: Asante daktari. Na ile zawadi duka linayokupa ukihamishia dawa zako za daktari kwao, someni masharti, wenye bima za serikali za Medicaid na Medicare kwa kawaida hawahusiki.

kaka_wa_Dallas: Sasa nimesoma yote. Nina losheni na dawa za mswaki nyingi nataka nipeleke Arusha Desemba. Tarehe ya kuisha ni ishu?

Mwandishi: Hapo sasa umeuliza. Angalia tarehe kwenye mkunjo wa chini wa tyubu na chini ya chupa, zinazokaribia kuisha tumia wewe huku, peleka za mbele. Losheni ni nzito, pima begi nyumbani, mashirika mengi yanataka kilo 23 kwa begi moja. Kila chupa fungua kifuniko, weka kipande cha nailoni mdomoni, funga tena juu yake, halafu zisimamishe katikati ya nguo. Za kuminya zitoe hewa kwanza.