Breki Inayodunda: Chanzo Chake na Namna ya Kuizuia

Dereva anayeshuka mlima wa Bugando kuelekea katikati ya Mwanza, au bodaboda anayeteremka Isamilo akiwa na abiria, huitambua hali hii mapema: akishika breki, pedeli humrudisha mguu kwa midundo, usukani hutikisika, na midundo hupungua kadiri mwendo unavyopungua. Kwa kawaida ataambiwa kwamba diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na breki, imepinda. Mara nyingi haijapinda, bali unene wake haulingani mzunguko mzima, na tofauti ya milimita 0.02 tu yaweza kuhisiwa mguuni.

Tofauti hiyo huanzia mahali ambapo wengi hawapaangalii, yaani pale diski inapokutana na habu, kitovu cha gurudumu. Kutu au mchanga ukibaki hapo wakati wa kufunga, diski hukaa upande kidogo na kuyumba inapozunguka. Siku za mwanzo dereva hahisi lolote, kwa kuwa kalipa, kibanio cha breki, huifuata diski. Hata hivyo, katika kila mzunguko sehemu iliyojitokeza huigusa pedi (kibao kinachobana diski) hata breki isipokanyagwa, na baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo huwa imelika kuliko nyingine. Ndiyo maana mtu hununua diski mpya, akatembea vizuri kwa miezi, kisha mdundo ukarudi naye akalaumu spea.

Chanzo cha pili ni joto. Ukishuka na mzigo huku umekanyaga breki muda wote, kisha ukasimama kwenye foleni bila kuachia pedeli, pedi iliyochemka huacha utando wake mahali pamoja. Mahali hapo hushika zaidi na kuchemka zaidi, na chuma chake chaweza kuwa kigumu kiasi kwamba kuchongesha diski (kuisawazisha uso kwa mashine) huleta nafuu ya muda tu.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mtikisiko hutokea wakati wa breki pekee. Ukiwapo muda wote, kagua kwanza tairi, balansi na beringi. Usukani ukitikisika, aghalabu tatizo liko mbele. Likisikika zaidi kwenye kiti, liko nyuma. Gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama breki inaposhikwa) likirudisha pedeli ghafla kwenye changarawe au utelezi, hilo si ugonjwa, ndivyo mfumo huo unavyofanya kazi.

Wakati wa kufunga diski, sugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha kaza nati kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, na kwa awamu mbili au tatu. Mashine ya upepo iishie kuzifikisha nati mahali pake tu. Kukaza kwa mwisho kufanywe kwa spana yenye kipimo, ambacho kwa magari madogo mengi ni takriban Nm (nyutoni-mita) 100. Fundi mwenye saa ya kupimia myumbo (dial gauge) aipime diski ikiwa imefungwa: kwa magari mengi, ikiyumba zaidi ya milimita 0.05, ifunguliwe upya. Diski iliyofikia unene wa chini ulioandikwa juu yake isichongwe, ibadilishwe.

Pedi mpya zizoeshwe taratibu: kutoka kilomita 50 kwa saa punguza hadi 10 bila kusimama, mara nane hivi, ukiacha nafasi ya kupoa. Mlimani tumia gia namba mbili, ukanyage breki na kuiachia. Anayepeleka gari kuoshwa akitoka safari asiruhusu maji ya baridi yamwagwe kwenye diski zenye moto.

Kwa pikipiki, kagua pini za kalipa, ambazo vumbi na tope huzigandisha, na uangalie kama diski iligongwa ilipoanguka au ilipopakiwa. Zenye breki za ngoma hudunda pale ngoma inapopoteza uduara, jambo linaloweza kusababishwa na spoku zilizokazwa bila uwiano. Kubadilisha breki shuu (vibao vinavyoisukuma ngoma kwa ndani) peke yake hakutaondoa mdundo huo, kwa hiyo spoku zisawazishwe kwanza, ndipo ngoma ipimwe.