Anasoma kitabu chote, mtihani anapata sifuri: ninavyompima mtoto anayekwama KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu)

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa darasa la tatu. "Mwalimu, huyu kitabu anakisoma chote, ila mtihani anapata sifuri." Tulikaa saa nzima, na haya ndiyo tuliyofanya. Andaa karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito, vizibo vya soda ishirini na simu ya kuhesabia sekunde. Zile programu za kupima disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi usiotokana na uvivu wala kukosa akili, sizitumii: nyingi zimeundwa kwa tahajia ya Kiingereza, na Kiswahili hakiandikwi hivyo.

1. Macho na masikio. Hospitali kwanza.

2. Anzia chini. Silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, mtoto mmoja mmoja, kama wanavyopima majumbani watu wa Uwezo, ule utafiti wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto. Anapokwama, hapo ndipo alipo, awe darasa la ngapi.

3. Maneno ya kubuni. Hapa mimi nilipoteza muhula mzima. Nilikuwa na mtoto anayesoma ukurasa bila kosa, kidole kikitembea juu ya mstari. Siku moja nikafunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua. Akaendelea kutusomea habari za mbuzi, na mbele yetu kulikuwa na habari za soko! Kumbe alikuwa amekariri kwa kuwasikiliza wenzake.

Tangu siku ile naandika maneno kumi yasiyo na maana ila yenye sura ya Kiswahili: gimo, dobika, tamufe, nyweba, mbwaki, ng'osila. Haya hakuna wa kumkaririsha. Pembeni weka maneno kumi ya kweli yenye urefu uleule. Akiyasoma ya kweli vizuri na ya kubuni yakamshinda, basi anatambua sura za maneno, haunganishi sauti.

Angalia haya. Lafudhi si kosa: mtoto wa Kikurya akisoma "kurara" penye "kulala", mpe alama yake. Kosa ni kuona b akasema d, au kuruka silabi ya katikati, "dobika" ikawa "doka". Usimsahihishe wala usigune. Akikwama sekunde tano, mwonyeshe neno linalofuata. Usimpime mbele ya wenzake, wala saa sita mchana kabla hajala.

Tena usihesabu makosa peke yake. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mwenye disleksia mara nyingi hufika kwenye neno sahihi, ila kwa kukokota: do... bi... ka. Mwalimu anayetafuta makosa tu atampitisha. Pima dakika moja, hesabu maneno sahihi, kisha wape orodha ileile watoto wanne wa kawaida wa darasa lake ulinganishe.

4. Msomee wewe. Hadithi fupi, maswali matatu kwa mdomo. Huyu wa juzi alijibu yote, hata akanirekebisha jina la sungura. Kuelewa anaelewa, kinachomkwamisha ni maandishi.

5. Hesabu. Funika vizibo vitatu kwa kiganja, funua, funika. Ni vingapi? Anayelazimika kuhesabu kimoja kimoja hata vitatu, mwandike. Kisha muulize kati ya 38 na 83 ipi kubwa. Mwambie aandike mia moja na saba. Akiandika 1007 usishtuke, wengi wa darasa la pili hupitia hapo, maana ndivyo wanavyoisikia. Saa ya ukutani usiitumie kabisa: mshale uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja, halafu tunamlaumu mtoto!

6. Fundisha wiki sita, pima tena. Aliyekosa shule kwa utoro au kuhamahama atapanda hatua. Asiyesogea licha ya kufundishwa kila siku, mpeleke kwenye kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu pamoja na karatasi zako. Kwenye ripoti usiandike "ana disleksia", hiyo si kazi yetu. Andika ulichokiona: "maneno 11 kwa dakika, anaruka silabi ya katikati."

Orodha ya wiki ya sita iwe mpya. Yule mama, nilipogeuka kufuta ubao, alikuwa ameshaipiga picha ya kwanza.