Kuchora matao ya MH370 ukiwa Lubumbashi
Anayetaka kufuatilia mwisho wa safari ya MH370, ndege ya Malaysia Airlines iliyopotea, asianze na habari za nani alifanya nini ndani ya ndege. Aanze na tao la 00:11 UTC (saa ya kimataifa), tarehe 8 Machi 2014; tao ni mstari wa mahali pote ambapo ndege ingeweza kuwa, kwa umbali uleule kutoka setilaiti. Hesabu yake ni fupi, na ukikosea utagundua haraka.

Jedwali lote liwe kwa UTC. Lubumbashi iko UTC+2, Malaysia UTC+8, nasi tunahesabu saa kuanzia alfajiri: 00:19 UTC ni saa mbili na dakika 19 asubuhi Kuala Lumpur, lakini kwetu ni saa nane na dakika 19 usiku. Ordinateri nyingi za hapa zimepangwa kwa Kifaransa, hivyo LibreOffice, programu ya majedwali, inadai mkato, na namba yenye nukta inaichukua kama maandishi. Rekebisha hilo kabla ya kubandika data.

Kila ishara kati ya ndege na setilaiti ina kipimo cha muda, BTO, kwa mikrosekunde: 19:41 (bado ni tarehe 7 Machi) ni 11500, 20:41 ni 11740, 21:41 ni 12780, 22:41 ni 14540, 00:11 ni 18040. Jumlisha 495679, zidisha kwa 0.149896229, kisha toa umbali wa setilaiti hadi kituo cha ardhini cha Perth, Australia (takriban kilomita 39,200). Kwa 00:11 unabaki na karibu kilomita 37,800 kutoka setilaiti hadi ndege.

Hapa ndipo wengi hukwama. Setilaiti ya Inmarsat 3F1 haikutulia juu ya ikweta kwenye 64.5° mashariki, ilikuwa ikipanda na kushuka kiasi cha digrii 1.6. Ukiigandisha mahali pamoja, umbali wa Perth peke yake unaweza kukosewa kwa karibu kilomita 100. Tumia nafasi za kila saa ambazo wahandisi wa Inmarsat walizichapisha 2014.

Sasa tafuta pembe kati ya setilaiti na ndege, ukiipima katikati ya dunia: kosaini yake ni (6381² + 42164² − R²) ÷ (2 × 6381 × 42164), ambapo R ni umbali uliopata kutoka setilaiti hadi ndege, na 6381 na 42164 ni kilomita kutoka katikati ya dunia hadi ndege na hadi setilaiti. Hutoka digrii 43 na nusu hivi, yaani karibu kilomita 4,850 ardhini. Chora duara hilo kwa rula ya Google Earth Pro, katikati yake pakiwa chini ya setilaiti, si kwenye 0°.

Tao la mwisho, 00:19:29, linaloitwa la saba, lina mtego wake. Rekodi inaonyesha 23000, lakini ndege ilikuwa ikijiunga upya na mtandao. Toa 4600 upate 18400. Ukisahau, R inarefuka kwa kilomita 690. Ukifanya sawasawa, tao hili litakuwa kilomita 70 hadi 80 nje ya lile la 00:11.

Sasa njia. Anzia rada ya mwisho, 18:22, kaskazini mwa Sumatra, chagua saa ya kugeukia kusini, weka kasi na upepo wa siku hiyo, uone kama unafika kila tao kwa wakati wake. BTO hurekodiwa kwa hatua za 20, na kosa lake la kawaida ni 29; njia inayopishana kwa zaidi ya 60 itupe, hata kama unaipenda. Simu za 18:39 na 23:13 hazina BTO, zina kipimo cha masafa ya redio (frikwensi) tu, BFO. Masafa hayo ndiyo yaliyoondoa upande wa kaskazini, kwa sababu duara peke yake haliwezi kuuondoa.

Vipande vya ndege vilivyookotwa, kama kile cha Réunion 2015 na cha Pemba, Tanzania, 2016, vitumie mwishoni kabisa, kuchagua sehemu ya tao. Havirekebishi hesabu ya juu.