Somo: Nyumba yako imekuwa hosteli au ukumbi? Hesabu watu kwanza, mtungi wa zimamoto baadaye

Wanachama, salaam. Vyuo vinakaribia kufunguliwa, na kuanzia Iyunga hapa Mbeya hadi Mkwawa kule Iringa nyumba za familia zinagawanywa vyumba ili zipokee wanafunzi. Wengi mmeniuliza mtungi wa kuzimia moto ununuliwe wa kilo ngapi. Mtungi nitaufikia, lakini mwishoni, na hapo nitasema ukae wapi, si kilo zake. Kinachoamua kama jengo ni salama ni watu wangapi wamo ndani, wako katika hali gani moto ukianza, na watatoka kwa njia ipi.

Nieleze kwanza vipimo. Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake, na mwenye kauli ya mwisho ni mkaguzi wa Zimamoto wa mkoa wako. Namba nyingi nitakazotumia hapa ni za IBC, kanuni ya majengo inayoandaliwa Marekani na kupitiwa upya kila baada ya miaka 3. Kwetu si sheria. Nazitumia kwa sababu zinakupa hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe kwa futikamba, na ukimwendea mkaguzi ukiwa na hesabu mkononi mtaelewana upesi.

Hatua ya 1: Sema jengo linafanya kazi gani leo

Andika sentensi moja juu ya matumizi ya sasa, hata kama ramani inasema vingine. Kanuni hugawa majengo kwa matumizi: mikusanyiko, ofisi, elimu, viwanda, biashara, maghala, hospitali, makazi na kadhalika. Mgawanyo huu unatokana na hali ya mtu moto unapoanza. Karani yuko macho na njia anaijua. Mwanafunzi wa hosteli amelala fofofo. Mgeni wa harusi yuko macho lakini ukumbi ni mgeni kwake, na umeme ukikatika atakimbilia mlango ule ule alioingilia. Mgonjwa wodini hawezi kuinuka bila kushikwa.

Kwa hiyo siku fremu ya duka inapogeuka kanisa, au nyumba ya familia inapogeuka chekechea, masharti yanabadilika hata kama hujaongeza tofali moja. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji idhini ya mamlaka ya mipango, yaani halmashauri yako. Hati ya kiwanja inaonyesha haki yako juu ya ardhi. Haisemi kwamba nyumba inafaa kulaza watu 60.

Hatua ya 2: Hesabu watu kwa mita za mraba

Pima eneo, kisha ligawe kwa nafasi ya mtu mmoja. Ukumbi wa viti bila meza ni mita za mraba 0.65 kwa mtu. Ukumbi wa meza na viti ni 1.4. Darasa ni 1.86. Bweni ni 4.65. Duka ni 5.6. Ofisi sasa ni 14. Kabla ya toleo la 2018 ilikuwa 9.3, kwa hiyo mkikuta michoro ya zamani ina watu wengi zaidi kwa ofisi ile ile, sababu ni hiyo.

Chukua ukumbi wa mita 12 kwa 20, ukiwa umekwisha kutoa jukwaa. Ni mita za mraba 240. Ukipanga meza za harusi, unabeba watu 171. Siku ya mkutano wa injili ukiondoa meza na kubakiza viti, hesabu inapanda hadi 369. Jengo ni moja, lakini milango lazima itosheleze siku ile yenye watu wengi. Hapa ndipo wenye kumbi wengi huteleza: wanapima kwa harusi, kisha wanapangisha kwa mkutano.

Kwa hosteli, linganisha hesabu ya eneo na hesabu ya vitanda, uchukue iliyo kubwa. Kitanda cha ghorofa ni watu wawili. Na kama wanafunzi wanalala wawili wawili na wewe unalijua hilo, wahesabu wote.

Hatua ya 3: Milango na ngazi

Chumba cha mikusanyiko, darasa au ofisi kikizidi watu 49, kinahitaji njia mbili za kutokea. Wakizidi 500 ni tatu, wakizidi 1,000 ni nne. Njia mbili ziwe mbali: umbali kati yao usipungue nusu ya mstari unaokatiza chumba kutoka pembe hadi pembe. Katika ukumbi wetu mstari huo ni kama mita 23.3, basi milango itengane angalau mita 11.7. Milango miwili iliyo ukuta mmoja, bega kwa bega, ni sawa na mlango mmoja, maana moshi ukiziba huu umeziba na ule.

Upana: milimita 5 kwa kila mtu mlangoni, na 7.6 kwenye ngazi. Watu 369 wanahitaji jumla ya karibu mita 1.85 ya milango, na hakuna mlango unaoruhusiwa kuwa na uwazi chini ya sentimita 81. Pima uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, usipime fremu. Watu wakifika 50, mlango ufunguke kuelekea nje, kwa sababu umati unaosukuma kutoka nyuma haumpi aliye mbele nafasi ya kuuvuta ndani.

Hatua ya 4: Magrili ya madirisha

Hapa nakaa kidogo. Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafa. Mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Sisi wa nyanda za juu hatuna udhuru wa kulisahau jambo hilo kila tunapomwita mchomeleaji aje aweke nondo kwenye madirisha ya chumba cha kulala.

Kipimo cha dirisha la kutokea ni hiki: uwazi usiopungua mita za mraba 0.53, wenye upana angalau sentimita 51 na kimo angalau 61, na vyote viwili visiwe kwenye kiwango cha chini kwa pamoja, maana eneo halitatimia. Ukingo wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Grili inaruhusiwa, mradi ifunguke kwa ndani bila ufunguo na bila kifaa. Mwambie mchomeleaji aweke bawaba upande mmoja na komeo la kusukuma upande wa pili, likingwe kwa bati ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Kazi hii fundi wa kawaida wa geti anaiweza. Kisha kila mpangaji alifungue mwenyewe siku anayokabidhiwa chumba, nawe ukiwa umesimama hapo.

Hatua ya 5: Ukuta ufike kwenye bati

Ukipanda darini kwenye hosteli nyingi na safu nyingi za fremu utaona kitu kimoja: kuta zimeishia usawa wa dari, na juu yake kenchi za misonobari zimetandaa wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mbao hizo ni kavu, zimejaa nyaya za umeme, na hewa inapita. Moto ukiingia humo hausimami kwenye ukuta wowote. Unatembea juu ya vichwa vya watu ambao hawajasikia hata harufu ya moshi, halafu dari inaanguka.

Tiba ni tofali. Pandisha ukuta kati ya chumba na chumba, au angalau kila baada ya vyumba kadhaa na pande zote za korido, mpaka chini ya bati. Ziba kwa udongo wa saruji nafasi zote zinazobaki, hasa pale bomba na waya zinapopita. Ukijenga upya, gharama yake ni kozi chache tu za tofali. Ukisubiri dari ipigwe, utalipa mara mbili.

Hatua ya 6: Umeme, mitungi, gari la zimamoto

Haya nayapitia haraka kwa kuwa wengi mnayajua. Kila chumba kiwe na soketi za kutosha ili ekstensheni isiunganishwe juu ya ekstensheni. Hita ya kuchemshia maji iwe na saketi yake. Mtungi wa poda ukae mahali ambapo mtu hatembei zaidi ya mita 23 kuufikia, sehemu yake ya juu isizidi mita 1.5 kutoka sakafuni, na mshale wa kipimo cha presha uangaliwe kila mwezi. Jikoni kwenye mafuta ya kukaangia usimwage maji kamwe.

Gari la zimamoto linahitaji njia ya mita 6 hivi kwa upana. Ukijenga geti lenye paa zuri la vigae, pima kimo chake: chini ya mita 4.1 gari halipiti. Namba ya dharura ni 114, ibandikwe kila korido.

Hatua ya 7: Ofisini

Michoro iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa, ipelekwe halmashauri kwa kibali cha ujenzi, na Zimamoto waipitie kabla ya msingi kuchimbwa. Jengo likianza kutumika, omba ukaguzi na cheti cha usalama wa moto. Kama una wafanyakazi, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao watakuhusu. Malipo yote ni kwa namba ya udhibiti. Ukiombwa fedha mkononi, usitoe.

Maswali ya wanachama

Mwenye hosteli, Iyunga: Shikamoo mwalimu. Grili inayofunguka kwa ndani si ndiyo mwizi atakayoitumia? Akivunja kioo anaingiza mkono.

Marahaba mwanangu. Hofu yako ni ya haki, wizi upo. Ndiyo maana nimesema komeo likingwe kwa bati, tena liwekwe mbali na ukingo wa kioo kuliko urefu wa mkono wa mtu. Ongeza taa ya nje upande wa nyuma, na mlinzi kama kipato kinaruhusu. Kufuli kwenye grili ya chumba cha kulala usiikubali, hata kama ufunguo umetundikwa ukutani. Kwenye moshi mwanafunzi haoni kiganja chake, seuze msumari wenye ufunguo.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi, kanisa la Iringa: Mlango wa nyuma tunaufunga kwa kufuli wakati wa ibada kwa sababu vyombo vya muziki viliwahi kuibwa. Mhudumu anakaa na ufunguo.

Ndugu mjumbe, huyo mhudumu huenda akawa wa kwanza kukimbia, au yuko mbele akikusanya sadaka. Wekeni komeo la kusukuma kwa mwili, linalofunguka kwa ndani tu. Kwa nje mlango unabaki umefungwa. Kwa ukumbi wa watu 50 na kuendelea hilo ndilo sharti la IBC. Vyombo vijengeeni stoo yake yenye kufuli.

Mwenye fremu, Mafinga: Fundi, mimi ninauza mbao mbele, nyuma nina chumba ambacho kijana wangu analala ili alinde. Nalo ni hosteli?

Si hosteli kaka, lakini umeweka mtu anayelala nyuma ya shehena inayoungua kwa kasi, na njia yake ya kutoka inapita katikati ya mbao hizo. Mpe mlango wake unaotokea nje moja kwa moja, pandisha ukuta kati yake na mbao hadi kwenye bati, na kitambua moshi kiwe dukani chenye kengele inayosikika chumbani kwake. Mbeya tumeona soko la Mwanjelwa likiungua 2006 na la SIDO likiungua 2017. Bidhaa zilizorundikana bila nafasi kati yake hazimpi mtu muda wa kuuliza kuna nini. Kama mlango wa nje hauwezekani, asilale humo.

Mama mwenye nyumba ya wageni, Makete: Huku Juni na Julai baridi ni kali mno. Wageni wanaomba jiko la mkaa chumbani, tukiwanyima wanahamia kwa jirani.

Mama, hapo wanyime. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini bila godoro kushika moto. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuwa dawa. Wape blanketi la pili na chupa ya maji ya moto, ziba upepo chini ya milango ya nje, na waote moto pamoja sebuleni penye bomba la moshi linalotoka juu ya paa. Na zungumza na jirani yako, mkatae wote wawili, ili mgeni asiwe na pa kuhamia kwa sababu hiyo.

Mwanachama, Tukuyu: Jengo letu ni la tangu enzi za baba. Ghorofa mbili, ngazi moja ya mbao, sasa chini ni duka na juu tunataka kulaza wanafunzi. Kanuni mpya zinatuhusu sisi wa zamani?

Kwa kawaida jengo la zamani huachwa na masharti ya wakati lilipojengwa, ilimradi matumizi yake yaendelee yale yale. Ninyi mnayabadilisha, kwa hiyo mnapimwa upya. Ngazi moja ya mbao juu ya duka ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote: moto wa duka utaipanda kabla wanafunzi hawajavaa viatu. Mtahitaji ngazi ya pili, ya zege au chuma, kwa nje, upande usiopakana na madirisha ya duka; na korido ya juu isiwe na kipande kinachoishia ukutani kinachozidi mita 6. Kabla ya kununua hata kitanda kimoja, mwombe mkaguzi wa Zimamoto wa wilaya afike alione jengo. Nitumie hapa idadi ya vitanda mnavyopanga kuweka, upana wa ngazi iliyopo na urefu wa korido, nikupigie hesabu ya ngazi ya pili uende nayo.