Mtoto anaandika 103 badala ya 13: somo la njiti na kadi za kufunika

Mwambie mtoto wa Darasa la Kwanza aandike kumi na tatu, usishangae akikuandikia 103. Nilipoanza kazi nilikuwa naweka kosa kwa kalamu nyekundu na kupita, mpaka binti mmoja alipogoma. Aliweka kidole kwenye 10: "Kumi hii hapa." Akakisogeza kwenye 3: "Na tatu hii." Kisha akanitazama, ananisubiri nimwambie kosa liko wapi. Alikuwa ameandika alichosikia, vilevile kilivyotamkwa.

Kumi na moja mpaka kumi na tisa, Kiswahili kinataja wazi kilichomo ndani ya namba. Kazi yetu ni kumwonyesha mtoto ile "na" inakwenda wapi ikifika kwenye daftari.

Vifaa

Njiti za fagio la chelewa, zikatwe urefu wa kidole. Vizibo vya soda navipenda kwa kuhesabu mpaka tisa, ila hapa havifai kwa sababu havifungiki fungu. Cha kufungia, kata tyubu chakavu ya baiskeli iwe vipete vyembamba. Fundi baiskeli hakosi kipande cha kutupa.

Kadi zitoke kwenye boksi. Za makumi (10, 20, 30 mpaka 90) ziwe sm 10 kwa sm 5. Za mamoja (1 mpaka 9) ziwe sm 5 kwa sm 5. Pima kwa rula. Kadi ya mamoja ikipungua kidogo tu, sifuri itachungulia pembeni na somo lote litaharibika.

Hatua ya 1. Mtoto ahesabu njiti 13 zilizotawanyika. Zikifika kumi afunge fungu mwenyewe. Usimfungie! Akifunga kwa mkono wake, ukimuuliza kesho fungu lina ngapi hatarudia kuhesabu.

Hatua ya 2. Fungu likae kushoto, njiti tatu kulia. Chini ya fungu aweke kadi ya 10, chini ya njiti aweke kadi ya 3. Muulize anaona nini. Atasoma "kumi na tatu", na mezani patakuwa na 10 na 3, ileile 103 yake. Mpe haki yake: amesoma sawa.

Hatua ya 3. Sasa achukue kadi ya 3 ailaze juu ya sifuri ya kadi ya 10. Inabaki 13. Anyanyue, afunike, anyanyue tena. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko pote, dakika kumi nzima wakati mwingine, maana watoto hucheka kila sifuri inapojitokeza. Waache wacheke.

Hatua ya 4. Geuza kazi: mpe 17 iliyokwisha kufunikwa, aifumue na kukuletea njiti zake.

Hatua ya 5. Daftari. Si kabla ya hapo.

Ukifika ishirini punguza mwendo. "Ishirini" haimwambii mtoto kwamba ni mafungu mawili, wala "hamsini" haina tano ndani yake. Haya ni majina yaliyotoka Kiarabu. Sitini, sabini na tisini angalau zinafanana na sita, saba na tisa. Nyingine mwambie ahesabu mafungu: "mafungu matano, hamsini."

Maswali ya walimu na wazazi

*Mwalimu, darasa langu lina watoto zaidi ya 90. Kadi zote hizo nitazikata lini?*

Usikate za kila mtoto, mwalimu mwenzangu. Seti moja kubwa iwe ya ubaoni, na kila kundi la watoto sita au saba lipate seti yake. Njiti kila mmoja aje na zake kumi kutoka nyumbani.

*Wangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Yeye haandiki 103, anaandika 31. Ni ugonjwa uleule?*

Hapana, mama. Kiingereza kwenye 13 hutaja tatu kwanza, kumi inafuata, naye anaandika kwa mpangilio huo. Mtajie kwa Kiswahili uone ataandikaje. Akiendelea kugeuza, angalia kama hata 3 au 7 yenyewe anaiandika imetazama upande usio wake; hapo mrudishe kwenye fungu kushoto, njiti kulia. Watoto wengi wa umri huo hugeuza, usimchape.

*Je, akifika Darasa la Pili akakutana na 103 ya kweli, si atachanganyikiwa?*

Swali zuri. Kata kadi ya 100 yenye sm 15. Alaze 3 kwenye ukingo wa kulia: inafunika sifuri moja, ya katikati inabaki. Muulize kwa nini ile haijafunikwa. Wangu mmoja alijibu, "Hakuna fungu la kulala hapo."