Mkojo wa saa 24 wa kupima homoni za adrenali: jinsi ya kuukusanya usiharibiwe na dawa wala chakula

Tezi ya adrenali hukaa juu ya figo, moja kila upande, na uzito wake ni kama gramu 4 au 5. Ganda lake hutoa aldosteroni, homoni inayobakiza chumvi mwilini, na kotisoli, homoni ya msongo. Kiini hutoa adrenalini na noradrenalini. Dopamini ni malighafi ya noradrenalini, na wakati huohuo ni breki. Ikishika vipokezi vya D2 (sehemu za seli zinazopokea dopamini) kwenye ganda, aldosteroni hupungua, na katika majaribio ya wanyama imeonekana kuzuia seli za hapo zisiongezeke. Kwenye kiini, vipokezi hivyo hupunguza homoni inayomwagwa damuni.

Dawa inayoachia breki hiyo iko karibu kila kliniki: metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Miligramu 10 mshipani hupandisha aldosteroni kwa dakika chache tu. Mwenye uvimbe wa kiini, yaani feokromositoma, inaweza kumpandishia presha kiasi cha kumuua. Kwa hiyo mgonjwa ambaye presha humpanda kwa vipindi, huku kichwa kikigonga, jasho likimtoka na moyo ukienda mbio, akitapika apewe ondansetroni. Propranololi, dawa ya presha na mapigo ya moyo, nayo isitangulie kabla ya dawa ya kuzuia vipokezi vya alfa, vile vinavyobana mishipa ya damu. Presha hupanda zaidi.

Andika dawa zote anazotumia. Amitriptilini (ya sonona), levodopa (ya ugonjwa wa Parkinson) na metildopa (ya presha) huvuruga majibu, lakini ni daktari tu anayeamua ipi isimamishwe na kwa muda gani. Mjamzito anayetumia metildopa asiiache kwa ajili ya kipimo. Iandikwe kwenye fomu ili maabara ijue.

Siku mbili kabla, na siku yenyewe ya kukusanya, mgonjwa aache matoke na ndizi za aina zote. Ndizi ina dopamini yake yenyewe, na kwetu Uganda watu hula matoke mchana na usiku, basi hili lisemwe waziwazi. Ale posho, mihogo, viazi au wali. Kahawa, sigara na mairungi viwekwe kando. Mairungi hasa, kwa kuwa husukuma noradrenalini itoke.

Chombo kiwe cha plastiki cha lita 3 kutoka maabara, chenye asidi hidrokloriki ya kiasi walichopima wao. Jerikeni ya mafuta ya kupikia, hata ikioshwa, haifai. Asidi huunguza: mgonjwa akojoe kwenye jagi safi, kisha amimine taratibu.

Saa moja asubuhi akojoe, mkojo huo autupe, aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie chomboni, pamoja na la usiku na la wakati wa haja kubwa. Kesho yake saa moja akojoe tena. Huo wa mwisho unaingia. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuweka ule wa kwanza, na hapo saa 24 huwa zaidi. Akisahau hata mara moja, aanze upya na chombo kipya. Chombo kikae kwenye friji au boksi lenye barafu.

Maabarani, changanya, pima ujazo wote, hakikisha pH (kipimo cha asidi) iko chini ya 4, ndipo utoe sampuli. Ikisafirishwa kwa basi kutoka Arua hadi Kampala, iende na barafu. Pima kreatinini, taka ya misuli, pia: mwanamume wa kilo 60 akitoa chini ya miligramu 900 kwa siku, yaelekea mkojo haukukamilika.

Kwenye majibu, tazama kwanza metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini na noradrenalini zikivunjwa mwilini. Zikizidi kikomo cha juu mara 3 au 4, uvimbe unashukiwa sana. Dopamini ikiwa juu peke yake haitoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya dopamini ya mkojo hutengenezwa na figo zenyewe. Uliza kuhusu matoke na levodopa, kisha rudia kipimo kabla ya kumtuma mgonjwa apigwe picha ya CT.