Jinsi ya kusafisha sentensi tata kabla habari haijatoka

Wiki iliyopita nilikaa jioni nzima na kijana wa mafunzo kwa vitendo hapa Moshi, tukisafisha habari yake fupi tu. Tulifuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Chapa habari kwenye karatasi, shika penseli. Kwenye simu jicho husoma ulichokusudia, si ulichoandika.

Hatua ya 2: Kagua kichwa cha habari. Sisi wa Kaskazini tuna mtego wetu wenyewe. "MOSHI WASIMAMISHA MASOMO": ni wakazi walioandamana au ni taka zinazoungua? "ARUSHA MAWE SOKONI": ni mji au ni mtu? Herufi kubwa tupu huficha tofauti, ndiyo maana nazikataa kabisa. Hata kwa herufi ndogo, neno la kwanza huanza na kubwa, kwa hiyo neno lenye utata usilitangulize. "Kijana arusha mawe sokoni." "Masomo yasimama kwa moshi wa taka." Imekwisha.

Hatua ya 3: Zungushia duara kila "aliye-". Hapa usiharakishe. Miaka ya nyuma niliandika "dereva wa diwani aliyefariki juzi". Kichwa cha habari kilikuwa sahihi. Kosa lilijificha aya ya pili. Chumba kizima cha habari kilicheka, lakini nyumbani kwa diwani, mzima wa afya, simu za pole zililia hadi usiku wa manane. Nilishinda nikipiga simu kuomba radhi.

Kijana naye alikuwa na sentensi ya namna hiyo, ya dereva na diwani. "Dada, si nimeandika dereva?" Umeandika, mdogo wangu, ila "aliye-" inamfaa dereva na inamfaa diwani. Kuweka "ambaye" hakusaidii, nayo inawafaa wote wawili. Mkato hausaidii redioni, kwani msikilizaji hauoni. Ngeli husaidia pale tu nomino zinapotofautiana: "gari la diwani lililopinduka" halina utata. Wingi pia: "walinzi wa diwani waliokamatwa". Lakini usitegemee ngeli kwa wanyama. "Mbwa wa mwalimu aliyepotea" inarudi palepale. Dawa ninayoiamini ni kukata sentensi: "Dereva wa diwani alifariki juzi. Atazikwa kesho." Kama kuna kifo, kukamatwa au ugonjwa, kata bila kujadiliana.

Hatua ya 4: Tazama "na" baada ya kitenzi cha kutendwa. "Mwalimu ajeruhiwa na mwanafunzi": kamjeruhi, au wameumia pamoja? Mtangulize mtendaji: "Mwanafunzi amjeruhi mwalimu." Kama waliumia wote: "Mwalimu, mwanafunzi wajeruhiwa."

Hatua ya 5: Msomee kwa sauti mtu asiyeijua habari. Mimi humsomea muuza kahawa wa pale nje, kwa sababu wenzangu ofisini wanajua tayari nani kafanya nini. Akicheka, usimweleze ulichokusudia. Muulize alichoelewa, andika upya sentensi hiyo moja, kisha msomee tena.